Hedhi Ikikoma, Mfupa Hudai Mzigo

Mwanamke akishavuka miaka hamsini hakosi mtu wa kumletea kopo. Linaletwa saluni, linaletwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, linaletwa hata nje ya kanisa ibada ikiisha. Mletaji mara nyingi ni binti mwenye adabu, anaamkia vizuri, kisha anafungua mazungumzo ya magoti na mgongo. Ndani ya kopo mna kalsiamu, vitamini D, pengine magnesi, kolajeni na unga wa majani ambayo lebo haiyataji vizuri. Anachodai ni kwamba hedhi ikikoma mifupa huanza kwisha, na kopo hili litairudisha.

Nusu ya kwanza ya dai hilo ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo ninayoibishia, kwa sababu fedha za kina mama zinakwenda huko, na jambo lenye nguvu zaidi halina wakala wala kamisheni. Jambo hilo ni kuutwika mfupa mzigo.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mfupa hauko kama ulivyoumbwa utotoni. Kila siku zipo seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya, na kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Homoni ya estrojeni ndiyo inayozishika mkono seli zinazobomoa zisipitilize. Fuller Albright, daktari wa Boston, alilifungamanisha jambo hili na kukoma hedhi mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipoona kwamba wanawake wengi waliomjia na pingili za mgongo zilizobonyea walikuwa wameshaacha kupata siku zao. Vipimo vya leo vinaonyesha upotevu unaanza takriban mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho, unakwenda kwa kasi ya karibu asilimia 2 kwa mwaka katika uti wa mgongo kwa miaka michache, kisha unapunguza mwendo bila kusimama. Mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya umri huo huingia katika kipindi hiki ghafla.

Hakuna maumivu yoyote katika hatua hizo. Hili watu wengi hawalijui, na wauzaji wanalitumia: mama anaumwa magoti, anaambiwa mifupa imekwisha. Magoti yanayouma asubuhi ni habari ya viungio. Mfupa uliopungua hukaa kimya mpaka uvunjike. Kifundo cha mkono huwa cha kwanza kwa wengi. Pingili za mgongo hufuata, mara nyingine kwa kunyanyua ndoo tu au kupiga chafya, na hapo ndipo kimo kinapopungua na kibiongo kinapojitokeza. Nyonga huja mwishoni, miaka ya sabini na themanini, na ndiyo inayolaza mtu kitandani.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilisema Mwafrika havunjiki nyonga. Sehemu ya maelezo hayo ilikuwa sahihi: katika vijiji vya Gambia, ambako watafiti wamefuatilia lishe kwa miongo mingi, wanawake wamekuwa wakipata kalsiamu isiyozidi miligramu 400 kwa siku, theluthi moja tu ya inayopendekezwa Marekani, na bado nyonga zilizovunjika zilikuwa chache. Lakini wanawake hao walikuwa wakilima, wakitwanga, wakichota maji na kutembea tangu utotoni. Tena waliofikia miaka themanini walikuwa wachache, na aliyevunjika nyonga kijijini hakuhesabiwa na hospitali yoyote. Bibi wa leo wa Kinondoni au Nairobi anaishi miaka mingi zaidi kuliko mama yake, anakaa kwenye kochi, na kinu amekiacha kijijini. Asijifariji kwa takwimu za vijiji vya Gambia.

Sasa kopo lenyewe. Kalsiamu imepimwa kwa ukubwa ambao vidonge vichache vimewahi kupimwa. Jaribio la Marekani lililojulikana kama Women's Health Initiative liliwagawa wanawake 36,282 waliokoma hedhi, wa miaka 50 hadi 79: wengine walimeza miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kila siku, wengine vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, baada ya miaka saba. Ujazo wa mfupa wa nyonga wa waliomeza kalsiamu ulizidi wa wenzao kwa asilimia 1 na kidogo. Kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika. Vijiwe vya figo viliongezeka kwa asilimia 17.

Mtu akiishia hapo atasema kalsiamu haina kazi. Lakini miaka kumi na minne kabla yake, mwaka 1992, Wafaransa walichapisha jaribio la Lyon lililosema kinyume kabisa. Hao walichukua wanawake 3,270 wanaoishi kwenye nyumba za wazee, wastani wa miaka 84, wakawapa gramu 1.2 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D. Katika miezi 18, nyonga zilizovunjika zilikuwa pungufu kwa asilimia 43.

Wala hakuna aliyekosea kati ya hao wawili. Ajuza wa Lyon walikuwa wakipata kalsiamu kama miligramu 500 tu kwa siku kwenye chakula, hawatoki juani, na vitamini D yao ilikuwa chini. Wanawake wa Marekani walikuwa tayari wanakula kalsiamu ya kutosha, zaidi ya miligramu 1,000. Kidonge kiliziba pengo pale palipokuwa na pengo. Pasipo na pengo, kilikwenda kwenye figo. Hiyo ndiyo kanuni ambayo ningependa kila mama aibebe anapoingia duka la dawa: virutubisho hutibu upungufu, na swali la kwanza ni kama unao.

Vitamini D imepita njia hiyohiyo, ila kwayo watu wamevuka mpaka zaidi. Jaribio la Marekani liitwalo VITAL, lililochapisha matokeo yake ya mifupa mwaka 2022, lilitumia watu 25,871 na uniti 2,000 kwa siku kwa zaidi ya miaka mitano. Mifupa haikuvunjika pungufu. Australia walijaribu kuwarahisishia bibi 2,256 wa miaka 70 na zaidi kwa kuwapa dozi moja kubwa ya uniti 500,000 kwa mwaka. Waliopewa dozi hiyo walianguka zaidi kwa asilimia 15 na kuvunjika zaidi kwa asilimia 26. Calgary, Kanada, waliomeza uniti 4,000 au 10,000 kila siku kwa miaka mitatu walipoteza mfupa wa mkono zaidi kuliko waliomeza 400. Ukiona tangazo la "vitamini D ya nguvu, uniti elfu hamsini", kumbuka hesabu hizo. Dozi za namna hiyo zina wagonjwa wake, na daktari ndiye anayewajua kwa kipimo cha damu.

Nani ana pengo la vitamini D? Mmasai anayechunga na Mhadzabe anayewinda hawana: walipopimwa damu na watafiti, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa kinatosha. Jua la Ikweta linatosha hata kwa ngozi nyeusi, mradi liifikie. Wanaopungukiwa ni mama anayefanya kazi ndani kutwa, bibi asiyetoka chumbani, na anayefunika mwili wote kila anapotoka. Muscat na Dubai jua ni kali, na bado upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida Ghuba nzima, kwa sababu maisha yanapita chini ya kiyoyozi. Ndugu zetu walio Leicester, Oslo au Minneapolis wana sababu ya ziada: ngozi nyeusi na majira ya baridi ambayo jua lake halitengenezi vitamini hata ukisimama nje saa nzima. Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika watumie mikrogramu 10, yaani uniti 400, mwaka mzima. Hao wasisubiri mjadala wangu, wanywe.

Kalsiamu inayotosha ni ngapi? Marekani husema miligramu 1,200 kwa siku baada ya miaka 50, Uingereza husema 700. Tofauti hiyo peke yake ikufundishe kwamba hakuna namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Mimi naelekeza watu kati ya hizo mbili, na naelekeza jikoni. Glasi kubwa ya maziwa au mtindi ina karibu miligramu 300. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, wa Kigoma au wa Mwanza, ndio hazina kubwa tuliyonayo, na inasikitisha kuona mama akiwaita chakula cha wasionacho huku akinunua kopo. Ulezi unaupita mchele na mahindi kwa mbali, hasa ukilowekwa au ukichachushwa, kwa sababu hapo kile kinachoifunga kalsiamu hupungua. Ufuta nao umo.

Kwenye mboga kuna mtego. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini oksalati yake huishika hata mwili ukapata takriban asilimia 5 tu. Mchicha nao una oksalati hiyo. Sukuma wiki haina tabia hiyo: kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko hata ya maziwa. Kwa hiyo, kwa ajili ya mifupa, fungu la sukuma wiki lina thamani kuliko fungu la mchicha, ingawa mchicha una faida zake nyingine na siufukuzi mezani. Usisahau protini: maharage, mayai, samaki. Bibi anayekula ugali na mchuzi mwepesi anapoteza misuli, na misuli ndiyo inayouvuta mfupa.

Ukiona chakula hakifiki, kidonge ni halali. Kile cha kalsiamu kaboneti ndicho rahisi zaidi. Kimeze pamoja na chakula, si zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, kwa sababu ukizidisha utumbo hauchukui. Anayetumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, atafute kalsiamu sitreti. Kuna onyo moja ambalo sijawahi kuliona kwenye kopo lolote la saluni. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki waliovuka hamsini wako kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na nyingi za dawa hizo sasa zina dolutegravir. Kalsiamu ikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu huizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Ama vimezwe pamoja na chakula, ama dawa itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita. Hao ndio pia wanaohitaji kuangaliwa mifupa mapema, kwa kuwa tenofovir iliyo kwenye mchanganyiko wao hupunguza mfupa kiasi. Wanaotumia dawa ya tezi ya shingo waache nafasi ya saa nne.

Kolajeni, glukosamini, vidonge vya soya na mafuta ya samaki navipita haraka. Hakuna hata kimoja kilichoonyesha kwa uthabiti kwamba kinazuia mfupa wa mwanamke aliyekoma hedhi usivunjike.

Kabla ya kufika kwenye mazoezi, nitaje kisa kimoja kinachonifanya nisimwamini mtu anayejivunia mfupa "mzito". Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kuwapa wanawake 202 floridi kwa wingi. Ujazo wa mfupa wa uti wa mgongo ulipanda kwa asilimia 35 katika miaka minne, kitu ambacho dawa nyingi haziwezi. Pingili hazikuacha kubonyea, na mifupa mingine ilivunjika mara tatu zaidi ya wenzao. Watu wa Arusha na Meru hawahitaji jaribio hilo kulielewa. Maji ya mkoa huo yana floridi inayozidi sana kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na katika kata ya Maji ya Chai yamewahi kuwapinda watoto miguu. Mfupa uliojaa madini si lazima uwe imara. Uimara unatokana na mpangilio wake, na mpangilio huo hufuata nguvu zinazoupitia.

Ushahidi wa wazi kabisa unatoka angani. Wanaanga wanakula lishe iliyopimwa kwa gramu, vitamini hawakosi, na bado nyonga zao hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa kila mwezi kama hawafanyi mazoezi mazito, kwa sababu huko hakuna uzito. Shehena ya matofali kiwanjani haijengi nyumba kama fundi hajaitwa, na anayemwita fundi wa mfupa ni mzigo.

Hapa nagombana na wenzangu pia. Sisi watu wa afya tumezoea kumwambia mama wa miaka sitini, "fanya mazoezi mepesi, tembea tembea." Kutembea ni kuzuri kwa moyo, sukari na usingizi. Kwa uti wa mgongo hakufanyi kitu cha kuonekana, na kwa nyonga kunafanya kidogo. Kuogelea na baiskeli, ambavyo havibebeshi mifupa uzito wa mwili, vinafanya pungufu ya hapo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, kilichapisha jaribio la LIFTMOR: wanawake 101 waliokoma hedhi, wastani wa miaka 65, wote mifupa yao imepungua. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya macho ya mwalimu. Kundi la pili lilipewa yale mazoezi mepesi ya nyumbani. Baada ya miezi minane, wanyanyuaji waliongeza asilimia 2.9 ya mfupa wa kiuno. Wenzao wa mazoezi mepesi walipoteza 1.2. Mpaka mwisho, aliyepata tatizo kati ya wanyanyuaji alikuwa mmoja, mgongo uliokaza kidogo.

Simwambii mtu akanyanyue chuma kesho. Wale wenyewe walianza mwezi wa kwanza kwa uzito wa mwili wao tu, wakijifunza namna ya kusimama. Upole ni wa kuanzia. Anza na kiti kigumu: kaa, simama bila kushika, mara nane, pumzika, rudia. Ikiwa rahisi, shika kidumu cha lita tatu kifuani, kisha cha lita tano, kisha begi la mchanga. Simama kwenye ncha za vidole ukishika meza, kisha shuka kwa visigino vigonge sakafu. Panda ngazi. Sukuma ukuta, na baadaye sukuma meza imara. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, si kila siku. Kipimo ni hiki: mzigo unaoweza kuunyanyua mara ishirini huku unapiga soga, mfupa haujausikia. Mzigo unaokufanya usitamani mara ya tisa ndio unaousikia. Na uvumilie, kwa kuwa mfupa hujibu kwa miezi. Kipimo cha DXA, kile cha kupima ujazo wa mfupa, hakina faida kikirudiwa kabla ya mwaka.

Jambo moja la kukwepa ni kuinama kwa kukunja mgongo. Kliniki ya Mayo, mwaka 1984, iliwafuatilia wanawake 59 ambao mgongo wao ulishadhoofika. Waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo mbele, asilimia 89 walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kuunyoosha nyuma walikuwa asilimia 16. Utafiti ni mdogo, lakini tofauti hiyo haipuuziki. Kwa hiyo acheni kugusa vidole vya miguu na kulala chali mkijikunja kutafuta tumbo. Acheni pia ufagio mfupi na deki ya kuinama. Ufagio wenye mpini mrefu ni kifaa cha tiba. Ukilazimika kuinama, inamia nyonga huku mgongo umenyooka, kama rukuu ya swala inavyofundishwa. Aliyekwisha kubonyea pingili asiruke na asinyanyue kizito bila kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Na wengi huvunja nyonga kwa kuanguka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio zaidi ya mia moja, yalikuta mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya mizani na nguvu za miguu. Simama kwa mguu mmoja jikoni ukisubiri chai ichemke, mkono karibu na meza. Kisha kagua nyumba: vigae vya bafuni vinavyoteleza, malapa yaliyolika, mkeka uliojikunja pembeni, korido isiyo na taa usiku mama anapokwenda chooni. Kagua macho, kwa kuwa mtoto wa jicho huangusha watu. Kagua dawa za presha zinazomtia kizunguzungu anaposimama. Wanangu, kabla ya kumnunulia mama kopo, mfungieni chuma cha kujishikilia chooni. Hata fundi wa mtaani atakifunga kwa asubuhi moja.

Mwisho ni dawa, ambazo watu huzichanganya na virutubisho. Homoni za kurudishia zilipunguza kuvunjika nyonga kwa karibu theluthi moja katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, pamoja na hatari zake za saratani ya matiti na damu kuganda, kwa hiyo ni mazungumzo ya mtu na daktari wake. Alendroneti, ambayo siku hizi huwa kidonge kimoja kwa wiki, ilipunguza kuvunjika nyonga na pingili kwa karibu nusu kwa wanawake waliokuwa wameshavunjika pingili. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na hulali kwa nusu saa ili isiunguze umio. Figo na kalsiamu hupimwa kwanza. Hakuna kopo linalofanya kazi hiyo.

Ikiwa umevuka miaka 50 na ukavunjika mkono, mgongo au nyonga kwa kuanguka ukiwa umesimama tu, huo ni ugonjwa wa mifupa mpaka ithibitike vinginevyo. Usikubali kuwekewa hogo na kurudishwa nyumbani. Kabla hujatoka, muulize daktari: mfupa umeungwa, je, tiba ya kuzuia wa pili usivunjike inaanza lini?